Tetemeko likipita Mbeya, tusiutazame Mlima Rungwe peke yake

Ardhi ikitikisika usiku Tukuyu, Kyela au Uyole, kesho yake sokoni na kwenye daladala maneno huwa yaleyale: Rungwe umeanza. Hofu hiyo naielewa, maana mlima unaonekana na kila mtu, na nyufa zilizo chini ya mashamba yetu hazionekani. Ila tukikazia macho kilele tu, tunasahau hatari iliko hasa.

“Kinachotutikisa ni volkano.” Matetemeko yetu mengi, na makubwa karibu yote, hayatokani na volkano. Upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na bara lililobaki kwa milimita chache kila mwaka. Mwamba hauachii taratibu. Hukaza kwa miaka mingi, halafu siku moja upande mmoja wa ufa hushuka ghafla. Sisi wa Mbeya tunaishi penye makutano ya mabonde matatu: la Rukwa kaskazini-magharibi, la Nyasa kusini-mashariki na la Usangu kaskazini-mashariki. Volkano za Rungwe zimechipuka kwenye makutano hayo kwa sababu ardhi ilikwisha kupasuka, na miamba iliyoyeyuka ikapata njia ya kupanda. Kwa hiyo ufa ndio mama, mlima ni mtoto. Anayetaka kuona kazi ya ufa aende Matema atazame milima ya Livingstone inavyotumbukia ziwani, au asimame Chimala autazame ukuta ambao barabara ya Kitulo inaupanda kwa makona mengi. Kuta hizo zimejengeka tetemeko kwa tetemeko, kwa mamilioni ya miaka.

Wapo pia wanaosema Rungwe na ndugu zake wamekufa. Hilo nalo si kweli: Kyejo, volkano jirani ya Rungwe, ulimwaga lava yapata miaka 200 iliyopita, na maji ya moto ya Songwe yanatoka hadi leo.

“Matetemeko makubwa ni ya Japani na Uturuki, huku kwetu ni madogo tu.” Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana moja ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika katika karne ya 20 lilitokea huku huku, ukanda wa Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910. Ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.4. Watafiti wa jiolojia wanalihusisha na ufa wa Kanda unaopita karibu na Sumbawanga, ambao mpaka leo umeacha ngazi ndefu ya ardhi inayofuatika kwa macho. Lilikuwa kubwa kuliko lile la Haiti la mwaka 2010, lenye ukubwa wa 7.0, lililoua watu zaidi ya laki moja.

Mbona basi wazee hawakutusimulia maafa ya kutisha ya 1910? Watu walikuwa wachache, na wengi waliishi kwenye nyumba nyepesi za miti na nyasi. Tazama sasa Kagera, tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko lile lilikuwa la 5.9, na nishati yake haikufika hata sehemu moja ya mia ya lile la Rukwa. Hata hivyo liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Kilichoua ni kuta. Nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa leo zinafanana na zile za Bukoba, siyo zile za mwaka 1910: tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, na lenta ikiwa imerukwa ili kubana bajeti. Lenta yenye nondo inayozunguka nyumba nzima ndiyo inayozishika kuta nne zisifunguke kila moja upande wake. Fundi akishauri iachwe, akataliwe.

“Likishapiga moja, nguvu imeisha.” Wenzetu wa Karonga nchini Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, walilijua hili kwa machungu. Desemba 2009 ardhi yao ilianza kutikisika tarehe 6. Yakafuata mengine, na lililokuwa kubwa kuliko yote, takriban 6.0, likaja karibu wiki mbili baadaye, kuta zikiwa zimeshalegea. Watu wanne walikufa, na nyumba zilizobomoka au kupasuka zilikuwa maelfu. Vishindo vidogo havipunguzi deni la ufa kwa kiasi cha kutuokoa: panapoongezeka namba moja kwenye kipimo, nishati huongezeka takriban mara 32.

Karonga ina funzo jingine. Macho ya wengi yalikuwa kwenye ufa mkubwa wa Livingstone, ule wa upande wa mashariki wa ziwa. Uliochanika ni mwingine mdogo, ndani ya bonde, upande wa magharibi. Haiti nako ilikuwa hivyo: ufa maarufu ulidhaniwa kuwa ndio chanzo, kumbe sehemu kubwa ya mchaniko ilikuwa kwenye ufa wa jirani uliofichika. Kuishi mbali na ukuta wa Livingstone, basi, si kinga.

Kuhusu ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo, ufute. China iliwahamisha watu wa Haicheng mwaka 1975 baada ya mfululizo wa vishindo vidogo, ikasifiwa dunia nzima. Mwaka uliofuata Tangshan ilipigwa bila onyo la namna hiyo, na watu zaidi ya laki mbili wakafa.

Na wale wanaoogopa ardhi kufunguka na kuwameza wangeiangalia zaidi aina ya udongo walikojenga. Udongo laini wenye maji, kama wa tambarare za Kyela na Usangu, hukuza mtikisiko, wakati nyumba iliyosimama juu ya mwamba hutikiswa kidogo zaidi na tetemeko lilelile.