Mazoezi ya dharura wodini si mtihani wa kumuumbua mtu

Huku Lamu husikia wauguzi wakisema kuigiza dharura ni mambo ya chuo, kunataka midoli ya bei ghali, na kukiletwa kazini ni kumnasa asiyejua. Si kweli, na dhana hii inawagharimu akina mama.

Kinachopimwa kwanza ni mahali penyewe. Mkunga anajifunga tumboni mfuko wa maji mekundu, analala kama mzazi aliyejifungua sasa hivi, "damu" inaanza kumwagika. Nani anasugua tumbo la uzazi? Oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, uniti 10 za sindano ya msuli, iko wapi? Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Je, ufunguo upo, au uko mfukoni mwa mtu aliyekwisha kwenda zake Shela? Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isimwagike, gramu 1, hutakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Na ukiwa kisiwani Pate, nahodha wa boti anapigiwa na nani, maji yakiwa yamekupwa? Chuoni huyaoni haya, kila kitu kipo mezani.

Zoezi huchukua dakika chache. Mazungumzo ya baadaye ndiyo marefu, daktari na mhudumu wa usafi wakikaa pamoja. Huulizwa "nini kilitukwamisha?", si "nani kakosea?".

Mgonjwa wa kweli akiingia, zoezi linasimama papo hapo. Na vichupa vya maji ya kuigizia dawa viandikwe, vihesabiwe, visibaki hata kimoja kabatini.