Kulabu, fimbo na vidole vya miguu: tembo wa Kerala anavyoongozwa

Kila nikitaja kwamba nimewahi kutibu tembo wa kufugwa huko Kerala, kusini mwa India, swali la kwanza ni lile lile: ile ndoano ya chuma, kweli wanamchoma nayo? Wanaweza, ndiyo. Ila ukiitazama peke yake hutaelewa tembo anaongozwaje.

Mlezi wa tembo kule huitwa pappan, na kwa desturi ana vifaa vitatu. Kuna valiya kol, fimbo inayomzidi urefu mwenyewe. Kuna cheru kol, fimbo fupi. Halafu kuna thotti, ambayo kwingine India huitwa ankusi: mpini wenye ncha ya chuma na kulabu ubavuni. Kama umewahi kuangua maembe kwa upembo, umbo lake unalijua. Ni kifaa cha kale hasa. Hata mungu Ganesha huchorwa akiwa amekishika.

Pappan akishakaa shingoni, kazi kubwa hufanywa na miguu yake. Huipitisha kwenye kamba iliyozungushwa shingo ya tembo, vidole vikakaa nyuma ya masikio. Akibonyeza upande mmoja tembo anakata kona, akibonyeza kwingine anasimama, na amri za Kimalayalam zinasindikiza. Kulabu muda mwingi imetulia tu.

Ikitumika, haiendi popote tu. Ngozi ya mgongoni inaweza kufika unene wa sentimita 2.5, lakini nyuma ya sikio ni nyembamba kiasi kwamba mishipa ya damu unaiona kwa macho. Ndiyo maana sisi matabibu tunatoa damu hapo. Walezi wanazijua sehemu laini za mwili mzima, na Sri Lanka wanaziita nila. Mlezi mzoefu akigusa tu, tembo ameitika. Watetezi wa kulabu hukomea hapo: "Si unaona, anamgusa tu!" Mimi sikubaliani nao. Mguso mwepesi unatosha kwa sababu tembo anakumbuka siku ambayo haukuwa mwepesi.

Valiya kol ndiyo inayonishangaza zaidi. Pappan huiegemeza kwenye mwili wa tembo, kisha anaenda zake kunywa chai. Yule mnyama wa tani kadhaa hasogei, fimbo isije ikaanguka. Watalii hupiga picha wakicheka. Mimi macho yangu huenda chini kwenye vifundo vya miguu, maana minyororo huacha vidonda pale na vinachukua muda kupona.

Huku kwetu ujuzi huu uliwahi kupita. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne wa India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, pamoja na walezi wao Wahindi, ili wabebe mizigo kwenda bara badala ya wapagazi. Mpango ule haukudumu. Baadaye, kule Kongo, Wabelgiji waligeukia kufuga tembo wa Afrika wenyewe, wakaanzia Api na kuishia Gangala-na-Bodio.

Siku hizi bustani nyingi za wanyama zimeacha kulabu, na California imeipiga marufuku tangu 2018. Mlezi anakaa nyuma ya nondo, anashika fimbo yenye mpira nchani, na tembo anaugusa kwa paji la uso au kwa mguu. Akigusa anapewa tunda. Akikataa anaondoka, hakuna wa kumfuata. Kwa njia hiyo unaweza kumkata kucha, kumwosha vidonda, hata kumtoa damu sikioni, na kwa tabibu hiyo ni raha tupu.

Shida ni kwamba nondo haziendi kwenye sherehe. Katika Thrissur Pooram, sherehe ya kila mwaka mwezi wa Aprili au Mei, tembo waliovishwa mapambo ya dhahabu usoni husimama katikati ya umati, ngoma na fataki, na pappan yuko miguuni pao. Maadamu tembo anatakiwa pale, thotti nayo itaendelea kuwa mkononi mwa mtu.