Melanoma ya jicho: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Jicho likitolewa, ugonjwa umekwisha."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, kwa sababu inaonekana ina mantiki. Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili; uvimbe wake uko ndani ya jicho, basi jicho likiondoka nao umeondoka. Lakini seli za melanoma huweza kuingia kwenye damu mapema, hata kabla mgonjwa hajaona dalili yoyote, kisha zikakaa kimya kwa miaka. Zikiibuka, mara nyingi huibukia kwenye ini. Ndiyo maana aliyetibiwa jicho huendelea kuitwa hospitali kupimwa ini kwa ultrasaundi au MRI, na mwenye hatari kubwa huitwa kila baada ya miezi 6 hivi, kwa miaka mingi.

Swali la iwapo kutoa jicho huokoa maisha zaidi kuliko mionzi lilipimwa Marekani na Kanada. Kati ya 1987 na 1998, wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa kati waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitolewa jicho, wengine wakatibiwa kwa mionzi ya iodini-125. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 81 upande mmoja na 82 upande wa pili, na hata walipofuatiliwa hadi miaka 12, hakuna upande ulioushinda mwingine. Kwa hiyo daktari anayependekeza mionzi hamwonei mgonjwa huruma tu. Kutoa jicho bado kuna nafasi yake: uvimbe ukiwa mkubwa mno, au jicho likiwa limeshapofuka na linauma.

"Mionzi huokoa jicho, kwa hiyo huokoa na kuona."

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na nadhani ni kwa sababu hawakuambiwa wazi tangu mwanzo. Katika utafiti huohuo, baada ya miaka 3, macho 43 katika kila 100 yaliyopigwa mionzi yalikuwa yamefifia kiasi kwamba herufi ambayo jicho zima huisoma kwa mita 60, jicho lililofifia lilihitaji kuisogelea hadi mita 6 au chini ya hapo. Mionzi huharibu mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Uvimbe ukiwa karibu na kitovu cha retina au mshipa wa fahamu, hatari huwa kubwa zaidi.

"Aliyepigwa mionzi asisogelewe tena."

Kisahani chenye mionzi hushonwa nje ya ukuta wa jicho, mkabala na uvimbe, kikakaa siku chache kisha kikatolewa. Katika siku hizo wajawazito na watoto wadogo hukaa mbali. Kikishatolewa, hakuna mionzi inayobaki mwilini.

"Dawa za melanoma ya ngozi zitamtibu."

Majina yanafanana, tabia ni tofauti. Vidonge vinavyolenga hitilafu ya jeni ya BRAF, vilivyosaidia wengi wenye melanoma ya ngozi, havina kazi hapa kwa sababu melanoma ya ndani ya jicho kwa kawaida haina hitilafu hiyo. Januari 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tebentafusp kwa melanoma ya jicho uliosambaa au usioweza kufanyiwa upasuaji. Katika majaribio, asilimia 73 ya walioitumia walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 59 ya waliopewa tiba nyingine. Huwafaa tu wenye aina ya tishu iitwayo HLA-A*02:01, ambayo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya.

"Ni ugonjwa wa Wazungu."

Wenye macho ya rangi hafifu huupata zaidi, na kwa Waafrika ni nadra sana. Nadra, lakini upo. Kliniki za Afrika Mashariki hukutana zaidi na retinoblastoma, saratani ya retina ya watoto, na kwa watu wazima, saratani ya utando wa nje wa jicho inayohusishwa na jua na VVU. Hiyo ya nje mtu huiona kwenye kioo. Melanoma ya nyuma ya jicho haionekani hivyo: huonekana daktari akitanua mboni kwa dawa ya matone na kumulika ndani.