Dansi za Kiayalandi ukubwani: yanayosemwa na yaliyopo

Mtu akitajiwa dansi ya Kiayalandi, picha inayomjia ni ileile: safu ya vijana wembamba, mikono imebanwa ubavuni, miguu inagonga jukwaa kwa kasi ambayo jicho haliiwahi. Picha hiyo ilienea duniani usiku wa tarehe 30 Aprili 1994, onyesho la dansi la Riverdance lilipochezwa kwa dakika saba hivi katika mapumziko ya shindano la nyimbo la Eurovision jijini Dublin. Ilipendeza mno, lakini imewatisha watu wazima wengi wenye hamu ya kujifunza. Kila mmoja huyatazama magoti yake, akaona mambo yale si ya rika lake.

"Ile ya jukwaani ndiyo dansi yenyewe"

Ile imechipuka kutoka tawi moja tu, tawi la mashindano, ambalo tangu mwaka 1930 limekuwa na chombo chake cha kusimamia kanuni, An Coimisiún le Rincí Gaelacha. Wigi za nywele za mawimbi na magauni yanayometameta ni mambo ya miongo ya karibuni.

Pembeni yake zipo dansi ambazo watu wazima huzicheza kumbini, baa na majumbani. Kuna seti: jozi nne husimama kwa umbo la mraba, zikatazamana, zikacheza vipande kadhaa na pumziko fupi baina yao. Kuna dansi za céilí, yaani za mikusanyiko ya jioni, nyingine zikichezwa kwa mistari mirefu inayokutana na kupishana. Na kuna sean-nós, yaani mtindo wa zamani, hasa wa Connemara upande wa magharibi: mchezaji mmoja, miguu karibu kabisa na sakafu, mikono huru, hatua zikizaliwa papo hapo kwa kumsikiliza mpigaji wa fidla au akodiani. Aliyekulia kwenye ngoma, ambako mchezaji na mpigaji hujibizana, hatahitaji maelezo marefu.

Mtu mzima anayeanza leo aende kwanza kwenye seti. Sean-nós ifuate baadaye, sikio likishauzoea muziki.

"Mikono haisogei kwa sababu Waingereza walipiga dansi marufuku"

Hiki ndicho kisa kinachopendwa kuliko vyote. Ati watu walicheza miguu tu ili askari akipita dirishani asijue kuna dansi ndani. Wengine humtupia padri lawama hiyohiyo. Ni hadithi nzuri, ila hakuna ushahidi wa kihistoria unaoibeba, na ukiifikiria kidogo inavuja: askari asiyesikia kishindo cha viatu juu ya mbao atakuwa kiziwi. Mwili ulionyooka ulithaminiwa na walimu wa dansi, kisha mashindano yakaufanya kuwa kanuni. Kwenye sean-nós mikono hupepea inavyotaka, na kwenye seti unaihitaji kumshika mwenzako. Hata Michael Flatley, mchezaji kinara wa Riverdance, aliiachia mikono yake.

"Hizi ni dansi za kale, hazijaguswa"

Hapa pana utamu, kwa sababu ukweli umechanganyika kuliko wanavyopenda wauza zawadi za watalii. Umbo la seti lina asili ya kadrili, dansi ya kumbi za Paris, iliyoingia Ayalandi mwanzoni mwa karne ya 19; inasimuliwa kuwa askari waliorejea kutoka vita vya Napoleon walichangia kuileta. Wanavijiji waliichukua, wakaitia muziki wao na kukanyaga kwao, mpaka kila eneo likawa na yake. Watu wa Clare, kaunti ya magharibi, wana seti yao iitwayo Caledonian. Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, wana seti inayoendeshwa kwa polka.

Jioni ya kwanza ya dansi kuitwa céilí haikufanyika hata Ayalandi. Ilifanyika London, tarehe 30 Oktoba 1897, katika Bloomsbury Hall, ikiandaliwa na tawi la Gaelic League, jumuiya iliyopigania lugha na utamaduni wa Kiayalandi. Jumuiya hiyohiyo ilizikunjia uso seti kwa kuwa ni za kigeni. Kisha mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kumbi za dansi, iliyotaka kibali kwa kila dansi ya hadhara, na mikusanyiko ya majumbani ikabanwa pia ingawa ndiyo ilikuwa makazi ya seti. Zilififia sehemu nyingi, zikafufuka kwa nguvu kuanzia miaka ya 1970 na 1980.

Mwanafunzi anahitaji kulijua hilo, kwa maana atakutana na mabishano. Seti yenye jina moja huchezwa hivi kijiji hiki na vile kijiji cha pili. Cheza mtindo wa mahali ulipo; wa nyumbani kwako utaucheza ukirudi.

"Usipoanza utotoni umechelewa"

Kwa anayetaka ubingwa wa dunia, kuanza mapema kuna faida kubwa, hilo halina ubishi. Lakini hata mashindanoni kuna madaraja ya watu wazima, na nje ya mashindano umri si hoja kabisa. Arthur Young, msafiri Mwingereza aliyezunguka Ayalandi miaka ya 1770, aliandika kwamba walimu wa dansi walikuwa wakizunguka kila mahali, na maskini wa vijijini waliwalipa peni sita kwa robo mwaka ili wazifundishe familia zao. Inasimuliwa pia kwamba mwalimu alimfunga mwanafunzi nyasi mguu mmoja na mabua mguu wa pili, ili mtu asiyejua kulia na kushoto apate kuelewa anaambiwa mguu upi. Kwa hiyo kuchanganya miguu ni desturi ya zamani kuliko wigi.

Kinachomshinda mtu mzima mwanzoni kwa kawaida ni sikio, miguu hufuata. Muziki huu huenda kwa mafungu ya mipigo minane, na karibu kila tendo katika seti linaanza na kuisha na fungu. Anayehesabu hatua kichwani bila kulisikia fungu atachelewa daima. Dawa ni kuusikiliza muziki ukiwa jikoni au kwenye basi, aina zake zote, yaani ril, jigi, polka na honipaipu, mpaka ujue fungu linaisha kabla halijaisha.

Kuhusu mwili, mitindo ya kuruka hulemea kano ya kisigino na shavu la mguu, hivyo anayeitaka apashe mwili moto na apande polepole. Katika seti na sean-nós miguu hukaa karibu na sakafu. Mgeni hujulikana kwa kuinua miguu mno. Mwalimu atamwambia aishushe, na jasho litapungua. Kizunguzungu wakati wa kuzungushana hakikosi: mtazame mwenzako usoni, usitazame ukuta.

"Sean-nós ni kujichezea tu"

Anayebuni papo hapo ana akiba ya hatua alizozirudia mpaka zikawa zake: kisigino, unyayo, ncha ya mguu, na namna ya kuzipanga. Jizoeze juu ya kipande cha mbao. Zamani watu waling'oa mlango wakauweka chini. Sakafu ya saruji huumiza magoti. Kama unaishi ghorofani, jirani wa chini naye ana haki yake.

"Bila viatu maalumu huwezi"

Viatu vya kawaida vyenye soli ya ngozi vinatosha. Raba ndizo mbaya, kwa sababu hunata sakafuni na goti hujipinda mwili unapogeuka.

"Ni kwa Waayalandi tu, tena uwe na mwenzi"

Kila Julai, tangu 1973, mji mdogo wa Miltown Malbay, Clare, hupokea shule ya kiangazi ya Willie Clancy, na madarasa yake ya seti hujaa watu kutoka nchi nyingi. Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1951, kina matawi nje ya Ayalandi pia, hivyo msomaji aliyeko Boston au Toronto ana pa kuulizia.

Kuhusu mwenzi, njoo peke yako. Madarasani watu hubadilishana, na wanawake wawili kucheza pamoja ni jambo la kila siku. Ukialikwa kwenye seti usiyoijua, omba kusimama katika jozi za ubavuni. Katika seti nyingi jozi mbili za mbele, yaani iliyo karibu na wanamuziki na ile inayotazamana nayo, ndizo huanza kila kipande, kwa hiyo utakiona kikichezwa kabla zamu yako haijafika.