Vimistari kwenye gari jeusi haviletwi na jua

Egesha gari jeusi juani, utaona vimistari vya duara kama utando wa buibui. Wengi hulaumu jua, au husema rangi nyeusi ni laini kuliko nyingine. Sivyo. Gari jeupe linalooshwa kwa mtindo uleule lina mikwaruzo ileile, ila weusi haufichi kitu. (Wala si duara kweli: imeelekea kila upande, mwanga ndio unaoipanga hivyo.)

Mikwaruzo hiyo iko kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele. Mara nyingi mkwaruzaji ni mwenye gari mwenyewe, anayefuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu akidhani anatunza. Vumbi lina chembe za mchanga. Kulisugua bila maji ni kupiga msasa.

Mwagia maji kwanza. Kisha shampuu ya gari na ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kikianguka chini, chukua kingine. Nta huficha mikwaruzo kwa muda tu. Kuondoa mikwaruzo yenyewe ni kazi ya polishi, nayo hula klia kidogo kila mara.