"Amezoea, Dokta": Dhana Potofu Ninayoisikia Kila Baada ya Tamasha

"Dokta, huyu amezoea."

Kijana aliyeniambia hivyo alikuja Jumatatu asubuhi, mkononi bado amevaa ile bangili ya karatasi ya tamasha la Jumamosi. Amemshika Bosco, mbwa koko wa miaka minne, kwa kamba ya katani. Kucha mbili za mguu wa mbele zimeng'oka hadi kwenye nyama. Chonge la juu limekatika nusu. Fizi zina mikwaruzo mirefu ya bati. Tamasha lilikuwa uwanja wa jirani, nyumba yao iko mtaa wa pili, na Bosco alifungiwa bandani tangu saa kumi na moja jioni mpaka vijana waliporudi alfajiri. Usiku kucha alikuwa anajaribu kutoka.

Nikamwuliza amezoea vipi. "Huwa hata habweki. Muziki ukianza anajilaza tu kimya kwenye kona."

Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu wengi hapa Dar es Salaam ni mbwa na paka. Ni mpenzi wa muziki pia. Nimevuka maji kwenda Zanzibar kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara, nimesimama Ngome Kongwe hadi miguu ikafa ganzi, na singeli ikipigwa sikai. Kwa hiyo simkatazi mtu kwenda kwenye tamasha. Ninachoomba ni kwamba neno "amezoea" tuliweke kando mpaka tumtazame mnyama mwenyewe vizuri, maana nimelisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara aliyelisema alikuwa amemleta mnyama mwenye hofu, mwenye jeraha, au kiziwi.

Tuanze na huo ukimya wa Bosco. Mbwa mwenye hofu ana njia tatu: atakimbia, atapigana, au ataganda. Ukimfungia bandani au ukimfunga mnyororo umemnyima ya kwanza. Kelele haina mwili wa kuung'ata, kwa hiyo ya pili haipo. Akishindwa kutoka, inabaki kuganda. Anajibana kwenye kona, mkia umeingia tumboni, masikio yamelala nyuma, anahema ulimi nje ingawa hakuna joto, anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba midomo wakati hakuna chakula. Mboni za macho zimetanuka. Mpe kipande cha nyama hatakigusa. Hicho kipande cha nyama ndicho kipimo changu nikipendacho: mbwa aliyetulia anakula, mbwa aliyejawa na hofu anakigeuzia uso hata kama ameshinda na njaa. Kijana wangu nilipomwuliza kama Bosco huwa anamaliza chakula chake usiku wa muziki, akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, huwa tunakikuta asubuhi."

Kuzoea kwa kweli kupo, sikatai. Mbwa wa Kariakoo hashtuki na honi za daladala, na mbwa aliyezaliwa jirani na msikiti haamki kwa adhana ya alfajiri. Sauti hizo huja kila siku, kwa kiwango kilekile, na hazijawahi kumdhuru. Tena mbwa wengi wa namna hiyo walizisikia tangu wadogo, kati ya wiki ya 3 na ya 14, kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa unajifunza kipi ni cha kawaida duniani. Tamasha na baruti za mkesha wa mwaka mpya hazina sifa hata moja kati ya hizo. Huja ghafla, ni kubwa kupita kiasi, halafu hupotea kwa miezi. Kwa sauti za aina hiyo mbwa wengi huenda kinyume na mnavyodhani, woga unaongezeka kila zikirudi. Mwaka wa kwanza anaogopa mlipuko. Mwaka wa pili anaanza kutetemeka akisikia watu wakijaribu maiki mchana. Baadaye mvua yenye radi nayo inaingia kwenye orodha. Ukimwacha "azoee" unamfundisha kuogopa.

Kuna hoja huwa naletewa, na ni hoja nzuri: mbona paka wa Mji Mkongwe wanazurura Forodhani na Ngome Kongwe siku za tamasha kama kawaida? Ni kwa sababu hakuna aliyewafunga. Paka wa kule anachungulia, anaokota kipande cha pweza, sauti ikimzidi anaruka ukuta na kupotelea vichochoroni. Umbali anaupanga yeye. Mwondolee huo uhuru, mtie kwenye kikapu umbebe mpaka mbele ya jukwaa, utaona mnyama mwingine kabisa.

Na wapo wanaowabeba. Mwaka huu nimeletewa watoto wa mbwa wawili waliopelekwa kwenye maonyesho ya ufukweni ili wapigwe picha. Hapo suala linahama kutoka kwenye hofu, linaingia kwenye sikio lenyewe. Binadamu husikia sauti hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000 hivi, mbwa hufika 45,000, paka hupita 60,000. Na katika sauti za kati na za juu, masikio yao hunasa hata zile hafifu ambazo kwetu hazipo kabisa. Sasa chukua kikomo wanachotumia wataalamu wa usalama kazini kwa binadamu: desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 una saa 2, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Karibu na spika za tamasha 100 ni jambo la kawaida. Wewe masikio yakianza kuvuma utasogea nyuma au utatia pamba. Mtoto wa mbwa aliye ndani ya mkoba hana namna.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, ndizo zinazogeuza mtetemo kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa inazichosha, ikizidi inaziua. Kuku seli hizo zikifa huota nyingine ndani ya wiki chache. Mbwa, paka na binadamu hazioti tena. Kinachokufa kimekufa.

Ndiyo maana moyo uliniuma kwa yule mbwa wa baa. Mwenye baa, mama mmoja mchangamfu sana, aliniita kumchanja, akanionyesha kwa fahari jinsi mbwa wake anavyolala chini ya sabufa kila usiku, miaka minane sasa. "Huyu kazaliwa na muziki, dokta. Amezoea mpaka anasinzia." Ilikuwa mchana, muziki umezimwa, mbwa amelala kwenye sakafu ya saruji. Nikasimama nyuma yake, nikatingisha funguo. Kimya. Nikapiga makofi mawili juu ya kichwa chake, mbali kidogo ili asihisi upepo. Hata sikio halikucheza. Kisha nikapiga sakafu kwa kisigino, akainuka mara moja, akatazama huku na huku akitafuta nani amekuja. Yule mama akanyamaza, halafu akachuchumaa, akamwita jina lake kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake, mara tatu. Uzee nao huchukua masikio ya mbwa, siwezi kuibebesha sabufa lawama zote. Lakini alichokuwa anakiita kuzoea kilikuwa uziwi, na hajui ulianza mwaka gani.

Sasa nini kifanyike usiku wa tamasha, au wa kigodoro, ile ngoma ya usiku kucha, cha jirani, au wa mkesha? Kwanza fungua mnyororo. Mbwa mwenye hofu anaruka ukuta, mnyororo ukiwa mfupi ananing'inia upande wa pili, na hao huwa siitwi kuwatibu. Mwingize ndani, kwenye stoo au korido, chumba kisichotazama uwanja. Washa feni, sauti yake ya kuvuma inameza nyingi za nje. Redio iwe ya kiwango cha mazungumzo. Jioni mapema mtembeze mpaka achoke, amalize haja zake, ndipo umfungie.

Halafu ushauri ambao wateja wangu wameuchoka, na nitaendelea kuutoa: sufuria kuukuu. Pika uji mzito wa dona, changanya na dagaa waliochemshwa, bila chumvi, bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa na paka. Mimina kwenye sufuria ndogo ambayo huitumii tena, igandishe kwenye friza tangu jana yake. Mpe dakika kumi kabla muziki haujaanza, angali ametulia. Kulamba kwa muda mrefu kunamtuliza mbwa, na barafu ile itamshughulisha hata saa nzima. Bosco sasa ana sufuria yake.

Mafunzo nayo yapo, yanataka subira tu. Rekodi muziki wa tamasha kwenye simu, umpigie kwa sauti ndogo kiasi kwamba anageuza sikio lakini anaendelea kula. Dakika tano kwa siku. Baada ya siku kadhaa ongeza kidogo. Akiacha kula umekimbia mno, rudi nyuma. Anza wiki tatu nne kabla. Kama hofu yake ni kubwa, zipo dawa nzuri za kumtuliza, lakini nijie mapema tuzijaribu kabla ya siku yenyewe. Usinipigie saa sita usiku wa mkesha ukitaka sindano ya kumlaza. Baadhi ya dawa za usingizi hulegeza misuli na kuiacha hofu palepale: anasikia kila kitu na hawezi kusimama. Bia pia siyo dawa. Pombe ni sumu kwa mbwa.

Nikiwa hapohapo kwenye hofu: "ukimbembeleza unamharibu" nayo siyo kweli. Woga ni hisia, haukui kwa sababu umemwekea mkono mgongoni. Akikufuata, kaa naye, mpapase polepole. Akitaka kujificha uvunguni mwa kitanda, mwache hukohuko, usimvute. Kinachomharibu ni kumfokea au kumtoa nje kwa nguvu "aone kwamba hakuna kitu".

Zipo na dhana nyingine. "Paka anajitegemea, nikimwachia bakuli la dagaa siku tatu nakwenda zangu Zanzibar kwenye tamasha." Hapana. Paka asipokula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na ini likashindwa kazi. Na paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mwombe jirani apite kila siku, atazame sanduku la mchanga. Mchanga mkavu siku nzima ni dharura.

"Nitamwacha garini, nimefungua kioo kidogo." Nje ikiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililoegeshwa juani hupita 40 ndani ya nusu saa, na upenyo wa kioo hausaidii kitu cha maana. Mbwa hatoi jasho kama sisi, kupoza mwili anategemea kuhema, na hewa ya moto haimpozi. Mwache nyumbani.

"Huyu wa ndani, hatoki, chanjo ya kichaa ya nini?" Hatoki mpaka baruti zinapolia na mtu akaacha geti wazi. Nimekwisha kushona mbwa wengi wa ndani waliookotwa mtaa wa tano tarehe 1 Januari, wameng'atwa na mbwa wasiojulikana. Chanjo ya kwanza ni akifikisha miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Wewe mwenyewe uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wako.

"Ukurutu unaisha kwa oili chafu." Oili iliyotoka kwenye injini inaunguza ngozi, mbwa anailamba, inaingia ini na figo. Sindano na dawa za ukurutu zipo, na zinafanya kazi.

La mwisho linahusu asubuhi baada ya tamasha. Kichwa kinakuuma, umemeza Panadol, unamwona paka naye amejikunyata, unamkatia nusu. Paka hana kimeng'enya cha kuisafisha dawa ile mwilini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, anahema kwa shida. Diklofenaki na ibuprofeni ni za kutoboa tumbo la mbwa na kuziharibu figo zake. Kama umeshampa, usisubiri uone itakavyokuwa. Mlete sasa hivi, na ubebe pakiti ya dawa.