Sadaka ya shukrani hailazwi

Baba wa familia akiniuliza amshukuruje Mungu nje ya ibada ya Jumapili, simpeleki kwanza kwenye Zaburi. Namfungulia Walawi 7. Pale shukrani ina vipimo: mnyama, mikate ya aina tatu isiyotiwa chachu na iliyoandaliwa kwa mafuta, na juu yake mikate iliyotiwa chachu. Mafuta ya mnyama yanateketezwa madhabahuni, kidari na paja la kuume ni fungu la makuhani, nyama nyingine inamrudia mwenye sadaka. Halafu mstari wa 15 unaweka sharti: nyama hiyo iliwe siku ile ile, isisazwe hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri na ya hiari zilipewa mpaka siku ya pili. Ya shukrani hailali.

Sasa piga hesabu. Ng'ombe, au hata mbuzi, hamalizwi na baba, mama na watoto kwa siku moja. Andiko halitaji sababu ya sharti hilo, lakini mwenye nyama nyingi isiyoruhusiwa kulala atafanya nini zaidi ya kuita watu? Kwa hiyo katika vikundi vya akina baba nafundisha hivi: tendo la shukrani lifanyike leo, limfikie mtu fulani, na liishe.

Anza asubuhi kwa mstari mmoja kwenye daftari. Usiandike "asante kwa uzima na afya." Si kosa, ila ni pana mno, na huwezi kutoka nalo mlangoni. Andika kitu chenye umbo: "Mtoto amelala usiku kucha bila kukohoa." Kisha jiulize ni nani unayemjua ambaye jana hakukipata hicho ulichopewa wewe. Aliyelala vizuri amfikirie anayekesha na mgonjwa, akakae naye saa mbili ili mwenzake ajinyooshe. Siku nyingi tendo liwe dogo kuliko hilo, la dakika 15 hadi 30, lisilohitaji kibali cha mtu wala mchango. Likihitaji kamati ni jambo jema, lakini hilo mimi naliweka kwenye fungu la nadhiri.

Mahali pa kwanza ni jikoni kwako. Nasisitiza vyombo kwa sababu ndipo wanaume wengi huacha kazi njiani. Anza na glasi maji yakiwa bado safi, fuata vijiko na sahani, masufuria yenye mafuta yaje mwisho. Povu likifa, mwaga maji uweke mengine; ukiendelea na yale yale unahamisha mafuta kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Sufuria iliyoungua usiikwangue kwa kisu. Iloweke kwa maji ya moto, ufute meza, kisha uirudie. Kamua kitambaa, kianike. Anayeosha sahani na kuacha sufuria na kitambaa chenye maji amemwachia mwenzake sehemu ngumu, na kesho atashangaa kwa nini hakusifiwa. Soma Yohana 13 taratibu uone mpangilio: Yesu anaondoka chakulani, anaweka kando mavazi yake, anajifunga kitambaa, anatia maji katika bakuli, anaosha miguu ya wanafunzi, na anafuta. Kufuta kumo.

Na tafadhali usimuulize mkeo, "Nikusaidie nini?" Swali hilo linamfanya awe msimamizi wako, na linasema kimyakimya kwamba kazi ni yake. Angalia, chagua, fanya.

Kwa mgonjwa, piga simu kwanza. Nawa mikono ukiingia na ukitoka. Kaa kwenye kiti, si kitandani, macho yenu yawe usawa mmoja. Usimsimulie habari za mtu mwingine aliyeugua kama yeye. Hata kama alipona, mgonjwa ataanza kujilinganisha. Omba ruhusa kabla ya kusali, na sala iwe ya dakika moja, kwa maana aliyechoka hawezi kukuambia unyamaze. Dakika 15 zinatosha. Ukiondoka, ondoka na kazi mkononi: nguo za kufua, taka, au karatasi ya dawa zinazotakiwa kununuliwa.

Mjane, au mama anayeishi peke yake, usimwendee peke yako. Nendeni wawili, mchana, na nyumbani kwako wajue ulipo. Huko ni kumlinda yeye jina lake kwanza, kisha lako. Kumbuka Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na dawa haikuwa hotuba kuhusu upendo. Walichaguliwa watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wakakabidhiwa jambo hilo. Nawe weka majina na tarehe. Kumbukumbu ya moyo huwapendelea wale tunaofurahia kuzungumza nao.

Kazini ni mafupi: fika kwa wakati, rudisha ulichoazima, tengeneza vizuri hata upande ambao hakuna atakayeukagua. Kuhubiri ndani ya saa za mwajiri sikuhesabu.

Kinachoharibu haya yote ni kugeuza shukrani kuwa malipo. Zaburi 116:12 inauliza, "Nimrudishie BWANA nini?" Wengi huishia hapo na kukimbilia kulipa. Mstari wa 13 unajibu kwa namna isiyotarajiwa: nitakipokea kikombe cha wokovu. Aliyepewa anaanza kwa kupokea tena. Dalili ya mlipaji ni kuhesabu, na kukasirika asipopewa asante. Yesu aliponya wakoma kumi na mmoja tu akarudi kushukuru; akauliza, "Wale kenda wa wapi?", lakini hatusomi popote kwamba aliwarudishia ukoma wao. Mlipaji mwingine hupiga picha ya unga anaompa maskini. Huyo sina la kumwongezea zaidi ya Mathayo 6:3: mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume.

Kuna na hatari iliyojificha zaidi, ile ya Korbani katika Marko 7: mtu anatangaza mali yake kuwa ni ya Mungu, wazazi wake wakose msaada. Ukiwa na ada ya mtoto hujalipa, au mama mzazi anasubiri dawa, usitoe fedha hizo kanisani kwa jina la shukrani. Lipa ada. Peleka dawa.

Siku nyingine itakwisha mstari umeandikwa na tendo halijafanyika. Usilihamishie kesho kama deni. Kata mstari huo, lala, na asubuhi uandike mwingine.